Vitenge Vitano Mwilini

Kamembe, tarehe 9 Novemba 1997

Yaya Antoinette, mkubwa wangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Unaendeleaje pale Bukavu, na batoto wote sita? Akilimali amepona kile kikohozi? Sisi huku tuko wazima. Mwanangu Gisa anasoma vizuri, mvua inanyesha kila siku na nyumba inavuja upande wa jikoni tu, kwa hiyo namshukuru Mungu. Barua hii anakuletea Hakimu, yule fundi cherehani jirani yangu, anakuja huko kutafuta nyuzi. Ni muntu wa msikiti na wa siri, barua ya muntu hafungui.

Yaya, ni wiki tatu tangu yale ya darajani na hujanitumia hata neno. Acha nikueleze.

Unajua tunavyofanya. Tunanunua vitenge kwenu, tunavifunga kimoja juu ya kingine, tunavuka mto Rusizi tumenenepa, na pale duwane baba wa ushuru akituuliza tuna nini, tunajibu, "Sina kitu, papa, ni mwili tu." Nimesema hivyo miaka miwili. Siku moja nilitoka mpakani moja kwa moja mpaka kwenye maombi ya bamama, sikupata nafasi ya kuvua. Nikapiga magoti na vitenge vitano mwilini. Jasho likanitoka mpaka Mama Mukamurenzi akapaza sauti, "Roho amemshukia!" Wote wakaniwekea mikono. Nilitaka kucheka, halafu nikataka kulia. Tangu hapo kila nikisali, lile "sina kitu" linanijia mdomoni. Nikawa naongea na Mungu kama ninavyoongea na duwane.

Ndiyo sababu nilimwahidi Mungu kwamba nikiulizwa tena nitasema ukweli. Na Alhamisi ile niliulizwa, nikasema, "Nimevaa vitano." Sikujua kwamba watawaingiza bamama wote wa mstari katika kile chumba kuvua. Wewe ulikuwa nyuma yangu na vyako saba. Wakavichukua vyote, ukarudi Bukavu na jipo la ndani na shuka la kuazima, watu wa darajani wakipiga miluzi. Iliniuma sana. Lakini ningesema uongo tena, Yaya? Wewe ndiye uliyenipokea mwaka wa 94, nilipofika kwako na Gisa na sufuria moja. Wewe ndiye uliyenifundisha kusali kabla ya kuwasha moto. Najua utanielewa.

Mudogo wako,
Mukabera


Kamembe, tarehe 18 Januari 1998

Yaya,

Heri ya mwaka mpya, kwako na kwa batoto. Hakimu anasema barua yangu aliiweka mkononi mwako, nawe ukaiweka chini ya ndoo ya maji.

Ijumaa nilikuona sokoni hapa Kamembe, kwa wauza sambaza. Nikakuita mara mbili. Ukainamia samaki kama unatafuta ndugu yako ndani yao.

Siku hizi navuka na kulipa ushuru. Nauza kidogo, lakini nalala vizuri. Sala zangu zinakwenda sawa mpaka nifike kwenye jina lako, hapo zinakwama. Nijibu hata kwa kunitukana.

Mudogo wako,
Mukabera


Bukavu, tarehe 2 Februari 1998

Mukabera,

Salamu zako zimefika. Tuko. Akilimali amepona.

Umeniandikia kurasa mbili, na Mungu yumo humo mara nyingi kuliko mimi. Unafikiri niko na hasira ya vitenge? Vitenge vinapatikana. Unafikiri ni miluzi? Nimezaa mara sita, jipo langu si siri ya serikali.

Kinachoniuma ni hiki. Asubuhi ile ulikula kwangu. Tulikuwa na maharagwe, ukasema, "Yaya, nipe chumvi." Nikakupa. Halafu ukakaa kuniangalia nikivaa cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba. Kile cha saba ulinifunga wewe, kwa mikono yako, ukasema, "Umependeza." Na ulikuwa umeshaahidi! Mdomo wa kuomba chumvi ulikuwa nao. Mdomo wa kusema, "Yaya, leo nitasema ukweli, wewe vua ao tangulia," huo uliuacha wapi? Duwane ulimwambia. Mimi je?

Usinijibu na mistari ya Biblia. Ninayo nyumbani.

Antoinette, Mama Akilimali


Kamembe, tarehe 15 Februari 1998

Yaya,

Amani iwe kwako na nyumba yako. Mustari sitaandika hata mmoja.

Barua yako nilianza kuisoma nikiwa wima, nikaimaliza nimekaa. Ni kweli. Nilikufunga kile cha saba huku nikijua. Niliogopa utacheka, utasema, "Ngoja kwanza tuuze." Na kuna lingine la aibu zaidi: nilitaka ukweli ule uwe wangu peke yangu, zawadi yangu kwa Mungu, nisigawane na muntu. Nikapita kwenda kwake nikakuacha wewe mlangoni.

Nimelisema mbele ya bamama wa maombi. Mama Mukamurenzi safari hii hakumtaja Roho, alinipa leso tu.

Sasa kila asubuhi kabla ya kutoka najiuliza: kuna nani leo anayepaswa kusikia neno kutoka kwangu, na ninamficha? Ni swali dogo lakini linanichelewesha. Juzi ilibidi nimwambie Hakimu kwamba mbuzi aliyekula suruali ya mteja wake ni wangu. Alikuwa amekwisha gombana na jirani mwingine.

Siombi turudi kama zamani. Unisamehe siku utakapoweza. Nitangoja.

Mudogo wako,
Mukabera


Darajani, upande wenu, tarehe 22 Oktoba 1998

Mudogo,

Tuko wazima, batoto wote sita. Masasi ya vita ya mwezi wa nane yalituweka sakafuni siku nne, lakini hayakuchukua muntu kwetu. Nawe? Gisa? Utaniambia.

Barua yako nimekaa nayo miezi minane. Miezi ya kwanza nilikuwa naisoma ili nikasirike. Baadaye haikunikasirisha tena, nikakosa la kufanya nayo.

Leo nimevuka na vitenge viwili. Uongo wangu nilikuwa nimeutayarisha vizuri. Nikiwa bado kwenye mstari nikaona siuwezi. Nikageuka kwanza, nikawaambia bamama wa nyuma, "Mimi leo nasema ukweli. Anayetaka kutoka, atoke sasa." Wakatoka wanne. Mmoja mnene, sijui kwa mwili ao kwa vitenge, akasema, "Huyu ameharibiwa na walokole!" Halafu nikafika mbele, papa wa duwane akauliza, nikasema, "Viwili." Akaandika karatasi. Hata kichwa hakuinua.

Ya kesho usiniulize, kesho sijui nitasema nini. Lakini nilipotoka pale nilitafuta muntu wa kumwambia, na katika Bukavu yote na Kamembe yote sikumwona mwingine ila wewe.

Hakimu amenikuta nimekaa juu ya jiwe, ndiye anayekuletea karatasi hii. Mlima wenu siupandi, nakungoja hapa. Shuka.

Yaya wako