Maji ya Sabuni ya Kaka Gharib

Dada Ikram mpendwa, nisaidie mawazo, maana hapa Ujiji sina tena wa kuzungumza naye. Mimi ni mjane, nauza dagaa Kibirizi, na kaka yangu Gharib, aliyenilea baada ya wazazi kufariki, ana kiwanda cha sabuni za mawese karibu na kwangu, na yale maji machafu makali yenye dawa ya kutengenezea sabuni anayatoa kwa bomba mpaka kwenye kijito kinachoingia ziwani, na hapo hapo ndipo akina mama tunafua na watoto wanaoga. Mwezi wa Ramadhani binti wa rafiki yangu Rozalia alitoka majini analia, ngozi ya miguu imebabuka, nikamwendea kaka nikamwambia, "Kaka, haya maji yanaunguza watoto," akanijibu, "Na wewe ulikua kwa kula nini, si sabuni hiyo hiyo?" Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na kabla sijafika nyumbani kaka keshajua. Tangu hapo ndugu wamenisusa, Iddi nilipika pilau nikapanga sahani za wageni, jioni nikazikusanya zikiwa safi, na hata Rozalia ananipita njiani kimya kwa kuwa mumewe, Feliksi, ameajiriwa na kaka. Sasa afisa mazingira amenipigia simu, anataka nimwonyeshe mdomo wa bomba, maana umefichwa kwenye matete. Nikimwonyesha nitakuwa nimemzika kaka yangu, nisipomwonyesha sijui nitawatazamaje wale watoto. Nifanyeje?
Mwanakombo, Ujiji

Mwanakombo, pole. Zile sahani zimeniuma. Lakini hapo kwenye kumzika kaka, acha kutia chumvi! Afisa haji na jeneza. Sheria ya mazingira inamtaka mwenye kiwanda azuie madhara mapema, si angoje mtoto aungue. Na wewe, kama mtu yeyote, inakupa haki ya mazingira safi pamoja na wajibu wa kuyalinda. Gharib anaweza kuamriwa aache kumwaga maji hayo na ajenge sehemu ya kuyasafisha, kisha kazi ikaendelea. Akikaidi, mahakamani atakuwa amejipeleka mwenyewe.

Jambo moja nakulaumu. Unangoja Rozalia akushukuru ndipo uamini kwamba ulifanya vyema. Yule anaogopa mumewe asije akapoteza kazi, mwache.

Leo waambie wanaofua wahamie upande wa juu wa kijito, kabla maji hayajafika kwenye bomba, hata kama hawakuitikii. Kisha mpigie afisa, nenda naye mchana kweupe, achukue maji ya kupima ukiwa umesimama pale. Akishaondoka, nenda kwa kaka yako kabla hajaletewa maneno. Mwambie, "Shikamoo kaka, ni mimi niliyemwonyesha." Sikudanganyi, huenda asiitikie. Msalimie hivyo hivyo, na kesho yake upite tena.