Sombe ya Mama Mdogo

Dada Mwajuma, wa Kigoma hamjambo?

Sijamwambia mtu: kila asubuhi hapa Kasongo nakimbia kwa siri, nipunguze hili tumbo nililolipata kwa kukaa dukani kwa mama mdogo. Leo jirani kaniona navuja jasho, akamfokea mama mdogo: “Mutoto wa dada yako anakonda! Haumupi chakula?”

Huku mgeni akikonda, aibu ni ya mwenyeji. Mama mdogo kanijazia sahani sombe, kisamvu cha huku, yenye mawese, machozi yakimlengalenga. “Kula, mama. Ao chakula yangu iko mubaya?” Nikaimaliza sahani kwa haya.

Nibusie watoto. Nyayo za mama mdogo hizo zaja mlangoni, na kadi hii siifichi tena. Asome mwenyewe kwamba utamu wa sombe yake ndio ulioninenepesha.

Mdogo wako,
Rehema