Magoti ya Shangazi Helena

Tekla uko wapi? Shangazi Helena KARUKA! Leo, kwenye harusi ya Gidamis hapa Basotu. Karuka ngoma pamoja na wasichana, shanga zinampiga kidevuni!

Huyu huyu wa magoti. Tangu amzae Gidamis, enzi za mashamba ya ngano ya serikali, kila harusi yeye ni wa kukaa tu. "Magoti, wanangu."

Kumbe magoti mazima kabisa! Akiruka, mkojo unamtoka. Miaka yote hiyo kanyamaza, mpaka juzijuzi fizio, yule wa mazoezi ya viungo hospitalini, akamfundisha kukaza misuli ya chini kama anayebana mkojo, halafu aachie. Basi anakamua ng'ombe huku anakaza. Yuko kanisani, anakaza!

Leo karuka mara moja. Katua, kasimama, anajisikilizia. Mkavu! Karuka tena. Mkavu, Tekla!!

Sasa mwinjilisti si akapaza sauti: "Bwana asifiwe! Magoti ya mama Gidamis yamepona!" Watu vigelegele. Eti Jumapili atoe ushuhuda mbele ya kanisa zima. USHUHUDA! Wa magoti!

Shangazi kakimbilia nyuma ya jiko. Atasema nini mbele ya wakwe?

Mara mke wa mwinjilisti huyo hapo, anatazama chini, ananong'ona: "Mama Gidamis, nimekuona ulivyotua ukajisikilizia. Hayo magoti yako... hata mimi ninayo. Nikikohoa tu."

Shangazi kamtazama weee. Halafu akamsogezea kigoda.

"Kaa hapa, mdogo wangu. Haya, kaza."