Nira Fupi ya Ipililo

Dada Neema,

Mwangaluka, ndivyo tunavyoamkiana asubuhi huku Ipililo. Nina hasira, hata michembe ya Mama Kabula, viazi vitamu vya kukausha, haipiti kooni.

Leo tumejaribu shambani kwake nira tuliyobuni chuoni. Maksai wake walitembea wamebanana, na kabla hajawasimamisha walishakanyaga mstari mzima wa pamba changa. Denis, kiongozi wa kundi letu, akaandika kwenye ripoti kwamba mtumiaji hakufuata maelekezo. Mama huyu analima na ng'ombe tangu hatujazaliwa. Nilitamani kumpiga Denis kwa nira hiyohiyo.

Mama Kabula alisema tu, "Nira ya kupalilia huwa ndefu, wanangu, ili kila ng'ombe apite kwenye nafasi yake. Si niliwaambia mlipokuja mara ya kwanza?"

Alituambia. Kipimo nilikiandika mimi mwenyewe kwenye daftari, kisha nikanyamaza darasani kwa sababu nira fupi ilipendeza zaidi kwenye mchoro. Mwalimu akatupa A.

Nibusie mtoto. Na mama ukimwambia kuhusu hiyo A, jogoo wake asimchinje.

Mdogo wako,
Rehema