Risasi za Bosi

Al-Suwaidi, Riyadh
9 Machi 2015

Mpendwa Dada Beldina,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye vumbi. U hali gani, na shemeji je? Mama ameanza kula? Mguu wake ndio unaonikosesha raha. Mimi mwili u mzima, namshukuru Mungu.

Uliniuliza kwa simu mbona Krismasi ilipita bila mimi. Kwa simu singeweza kukujibu, madam, mke wa bosi, husikia kila kitu. Barua hii nimempa Keziah wa jirani, yeye amebahatika kurudi nyumbani.

Nilikuja kuwa dereva, unajua. Lakini bosi, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mdhamini anayeshika pasipoti yangu, ana wazimu wa mashindano ya kulenga shabaha. Aliposikia nilikuwa askari wa wanyamapori, kila Ijumaa ikawa yalla, twende uwanjani.

Alikuwa na risasi za aina mbili, hajui ashike zipi. Za kwanza ni za kuulia wanyama waharibifu, kama mbweha: nyepesi, na hupasuka zikigonga. Za pili zimeundwa kwa mashindano tu, kutoboa karatasi basi. Tulizijaribu zote. Kwa karibu zile za mbweha zilipiga vizuri hata nikashangaa, ila shabaha ikisogezwa mbali, upepo unazipeleka unakotaka. Nikamwambia ukweli: chukua za mashindano.

Akasema, "Alfayo, nikishinda nakupa karatasi ya kutoka. Wallahi."

Akashinda. Alinikumbatia mbele za watu. Nilipomwomba pasipoti yangu, akacheka. "Wewe ndiwe bahati yangu, nikuachilie vipi? Ngoja tumalize mashindano ya Jeddah."

Dada, njia nzima ya Jeddah nilikuwa nawaza kwamba akishindwa, ataniona sina faida tena. Siku yenyewe upepo wa bahari ulikuwa mkali. Akaniuliza, "Leo zipi?"

"Za mbweha," nikasema.

Alishindwa vibaya. Jioni tulikula mtaa wa Sharafiya, kwenye hoteli ndogo. Yeye ameinamisha kichwa, mimi moyoni nafunga mizigo. Kisha akanishika bega. "Usihuzunike, Alfayo. Kosa ni langu, sikufanya mazoezi. Halas, yameisha; mwaka huu wote tutafanya pamoja, mimi na wewe." Nikapata habari kwamba ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ameshaifanya upya, hata hakuniuliza.

Nikimshindisha, nabaki. Akishindwa, nabaki.

Mama usimwambie haya. Akiuliza siku ya kuja kwangu, mwambie tu bosi wangu ananipenda mno, hataki niende. Huo si uongo.

Nisalimie shemeji Hezekiah, na Roselyne nikimsihi asiache shule. Mungu awafunike nyote, na mama amwinue kitandani.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata nikiwa mbali,
Alfayo