Kopo Chini ya Jiwe la Mama

Ushongo, Pangani,
20 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Sabiri,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba. Natumai baridi ya Hamburg haijakutafuna kifua, na mkeo na mtoto hawajambo. Sisi huku twashukuru. Samiha wangu anaendelea na shule. Mimi mguu unanisumbua asubuhi, mchana unatulia. Vyumba vya wageni vipo, kimoja kinavuja.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu tukifika neno la tatu, ama mtandao unakatika ama wewe unakata. Barua hii inakuja na mgeni wangu anayerudi huko Jumamosi.

Fundi Ernesti alifika Alhamisi kulijengea kaburi la Mama, kama mlivyoagana bila kunishirikisha. Namba zako za mahali alikuwa nazo kwenye simu, akaniomba na kile kifaa cha GPS ulichokiacha kabatini. Tukaenda makaburini. Simu ikasema simama hapa. Kifaa kikasema sogea kule. Ernesti akasimama katikati kama mtu anayeamua ugomvi wa wake wenza. "Mama Samiha," akaniambia, "mashine zikibishana, mimi nafuata ya bosi aliyenituma." Akachimba ilipoonyesha simu.

Msingi haujafika magotini, Kijakazi jirani yetu akaja mbio, kanga begani.

"Mnamjengea nani hapo?"

Ernesti akamjibu kuwa ni mama yake Sabiri.

"Mama yake Sabiri amelala juu ya baba yangu tangu lini?" Kisha akanigeukia mimi. "Mastura, vyumba vyako vimejaa, sasa umekuja kutafuta vya kukodisha huku?"

Watu walicheka, Sabiri. Makaburini. Na mimi mwenyewe sikujua Mama yuko wapi.

Desturi yetu unaijua. Wanawake tunabaki nyumbani na kilio, wanaume ndio mnaozika. Siku ile, miaka sita sasa, wewe hujasafiri bado, Mama alipita mlangoni kwangu begani mwa watu, nikamsindikiza kwa macho mpaka penye kona. Kaburi lake nilionyeshwa baada ya arubaini: lile jiwe jeupe la matumbawe la kichwani, lenye tundu kama sikio. Nilichokijua mimi ni jiwe. Nikipalilia, napalilia mbele ya jiwe. Nikilia, nalilia mbele ya jiwe.

Mwaka juzi ukaja likizo na mchezo wenu wa kuficha vikopo, mkawagawia watu dunia nzima namba wavitafute kwa simu. Vya ufukweni sikusema kitu. Lakini kimoja ukakiweka chini ya jiwe la Mama. Ulisema kwa namna hiyo Mama hatakosa wageni, na kila atakayemfikia ataandika jina, nawe utaliona hukohuko. Nilikuelewa. Mtu aliye mbali hushika anachoweza kukishika.

Sasa nikueleze wanavyokuja hao wageni wa Mama. Simu inawafikisha karibu, basi. Kutoka hapo ni mikono. Wanainua jiwe, hakuna. Wanainua la pili. Wakilipata kopo wanafurahi, wanapiga picha, wanalirudisha chini ya jiwe lolote lililo jirani. Anayefuata anakuta kopo limesogea, naye anainua ya kwake. Miaka miwili hivyo. Hakuna aliyeiba wala aliyevunja. Ni watu wapole, wengine wamelala kwangu. Mawe yamehama kidogo kidogo na hakuna aliyeyaona yakihama. Lile lenye sikio nimelikuta karibu na ukuta, limepangwa na mengine mawili, mtu kajifanyia kiti.

Unasema namba haihami. Sawa. Lakini kifaa chako chenyewe kinaandika kuwa kinaweza kukosea mita tatu. Basi Ernesti alishika ncha ya kamba ya mita tatu, mimi nikazunguka na ncha ya pili. Ndani ya duara lile mna makaburi saba. Kwa hesabu ya Hamburg umemkaribia sana Mama. Kwa hesabu ya huku, sita si mama yako.

Mjomba Shekhe, aliyeshuka kaburini pamoja nawe, ametangulia mwaka jana. Nikamwita binamu yetu Luqmani kutoka Mwera, maana naye alishuka. Alizunguka pale mara mbili, akavua kofia. "Dada, mimi nilishika miguu. Kichwani alikuwa Sabiri. Nisije nikasema uongo juu ya wafu." Akarudi Mwera hata chai hakunywa.

Ernesti amefukia. Saruji yako iko barazani, inaanza kuganda. Kijakazi nimemwomba radhi. Amepokea kwa mdomo, moyoni simjui. Kopo nimelitoa, unaletewa pamoja na barua hii. Na huko ulikoiandika namba hiyo, ifute leo.

Shaabani inakaribia, watu wataanza kuzuru makaburi. Kabla hawajaanza nataka jibu la jambo moja. Usifungue simu. Kaa peke yako ukumbuke: ulipopandishwa juu kutoka kwa Mama, udongo mikononi, jicho lako liliona nini kwanza? Ule mkwaju? Ukuta? Mgongo wa nani? Kulia kwako au kushoto? Niandikie hata kama ni jani. Na kama hukumbuki, andika kwamba hukumbuki. Usinitumie namba.

Nisalimie mkeo, umbusu mtoto. Luqmani anakusalimu, Samiha anakuamkia. Mungu akulinde ugenini, na akurudishe kwa miguu yako mwenyewe mpaka pale.

Mimi nikienda sasa nasimama kamba ilipopita, nawatolea salamu wote saba. Kisha namwita Mama kwa jina lake, kwa sauti, kama mtu anayebisha hodi na hajui mlango ni upi.

Akupendaye, na hasira zake zote,
Dada yako Mastura