Maboksi Mawili ya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitufundisha kumwamkia mkubwa hata siku ambayo hastahili. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba ule mgongo wako umepoa. Sisi huku ni wazima, ila magoti ya mama ni yale yale, na mimi roho imenichafuka tangu Jumamosi. Nimengoja siku tatu hasira ipungue ndipo niandike. Haikupungua, basi naandika nayo.

Ile karatasi yako ya kumhamishia mama kwako niliikuta imebandikwa kwenye mlango wa friji. Umeipanga vizuri kama kawaida yako, Mheshimiwa: sebule maboksi tisa, jikoni manane, chumba chako cha ujana kumi na manne, chumba cha mama mawili. Chini umeandika kwa herufi kubwa kwamba lori ni dogo na kila mtu aheshimu hesabu. Kila mtu ni nani? Nyumba hii anaishi mtu mmoja.

Nilifika asubuhi na maboksi matupu, rundo la magazeti na selotepu sita, nikidhani tutafanya kazi hadi jioni. Mama nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, na mbele yake maboksi mawili ya sabuni aliyoyaomba dukani, yamejazwa na kufungwa. Aliniambia nisihangaike, chumba chake kimekwisha. Nilifungua kabati. Lilikuwa tupu, isipokuwa kitambaa kimoja cha kufutia vumbi.

Nilimuuliza vitu viko wapi, akanijibu kwa upole kwamba havikuenea. Cherehani alimpa fundi wa nyumba ya pili. Mablanketi na vikombe vyake vizuri alimpa jirani wa mbele. Koti la baba alimpa mlinzi. Picha zote alizibandua kwenye albamu, moja moja, kwa sababu majalada yanakula nafasi. Kisha akaniuliza kama mkongojo nao unahesabiwa ndani ya boksi au anaruhusiwa kuushika mkononi. Kaka, nilitoka nje nikaupiga ukuta teke, na kidole gumba cha mguu bado kimevimba.

Nikaingia chumbani kwako. Maboksi kumi na manne ya nini? Madaftari ya shule ya msingi, redio iliyokufa tangu baba yu hai, viatu vya mpira ambavyo hata mwanao wa mwisho havimwingii, na magazeti ya michezo uliyokataza yasiguswe. Umeondoka hapa miaka ishirini na miwili, na takataka zako zimetengewa nafasi mara saba ya mama yako mzazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huyu si mwenzio tu, ni aliyekubeba mgongoni. Ningekuwa nawe pale ningekuvisha hivyo viatu kwa nguvu.

Nilizunguka kwa majirani. Fundi alirudisha cherehani palepale, akasema alikuwa ameihifadhi tu kwa sababu hakuamini. Jirani wa mbele naye alirudisha kila kitu, hata kisosi chenye ufa. Koti la baba mama alinikataza kuliomba; alisema mlinzi analihitaji na nisimtie aibu. Lakini barua za baba sikuzipata. Zile alizomwandikia mama miaka ile alipokuwa kazini mbali, zilizokaa kwenye mkebe wa biskuti. Mama alizichoma uani siku ya Ijumaa. Alisema mkebe haukuingia, na bila mkebe barua zingeharibika njiani. Alinieleza haya huku anakunja shuka, kama mtu anayesimulia habari za mvua.

Hapo nilishika simu nikutukane. Ila kabla sijapiga nilimuuliza mama kwa nini hakupinga, kwa nini hakusema tu kwamba mawili hayatoshi. Alinishangaa. Alisema wewe mwenyewe ulimwambia hesabu ya chumba chake imetoka kwangu, na mimi ndiye ninayeijua kazi hii ya kuhamisha watu, kwa hiyo vitu visipoenea kosa ni lake, hajui kupanga.

Ni kweli, kaka. Ilitoka kwangu. Uliponipigia nilikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, nimeshika upande mmoja wa kabati la watu, na ulipouliza chumba cha mama kitachukua mangapi nilicheka nikasema mama hana vitu, mawili yanamtosha. Huu ni mwaka wa kumi na moja ninakadiria maboksi ya watu. Sijawahi kumpa mteja idadi kabla ya kufungua kila droo, maana kabati lililofungwa halikuambii kitu. Watu nisiowajua nimewafungulia makabati yao yote. La mama nilikadiria kwa simu, nikicheka. Wewe ulinakili tu. Lakini hukuuliza mara ya pili, na hilo sijakusamehe, kama nami nafsi yangu sijaisamehe.

Karatasi yako nimeichana. Nimeandika nyingine: chumba chako sifuri, mpaka uje uchambue mwenyewe. Penye chumba cha mama niliacha wazi, nikampa kalamu ajaze. Cherehani ilikuwa mbele ya macho yake, na mablanketi, na vikombe. Alifikiri sana. Akaandika tatu, kisha akaniuliza kama hilo la tatu litakusumbua.

Mpigie simu, kaka, leo hii. Usimtajie lori. Mwambie unavitaka vyote, na utaje kimoja kimoja: cherehani, vikombe, hata kisosi chenye ufa. Mimi nimemwambia, lakini anadhani namhurumia.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao amewakumbuka sana. Mama anakusalimu kwa mapenzi yote. Ameniagiza niandike kwamba usijisumbue kumwandalia chumba kikubwa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira nawe na nafsi yake,

Chiriku